Kuchagua njia ya kuomba shahada ya kwanza

Kabla ya kufungua mfumo wa udahili wa Chuo Kikuu cha Dodoma au wa Chuo Kikuu cha St John's pale mjini Dodoma, weka vyeti vyako mezani, kwa kuwa cheti ndicho kinachoamua njia. Aliyemaliza kidato cha sita hupitia njia ya moja kwa moja. Kwa kawaida anahitaji ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, hivyo D mbili, kila moja ikiwa na pointi 2, zinatosha kwa kiwango cha chini, ingawa kozi za afya hudai zaidi. Mwenye stashahada huingia kwa njia ya sifa linganishi, yaani stashahada yake hupokelewa badala ya kidato cha sita, naye atafute mapema namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kwani bila namba hiyo fomu haisogei.

Wengi wenye vyeti vyote viwili, cha kidato cha sita na cha stashahada, kwa maoni yangu hukosea hapa: wanapaswa kujaza njia ambayo alama zake zina nguvu kwa kozi wanayoitaka. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja tu, ndani ya muda uliotangazwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.