Somo: Kutoka chumbani hadi mlango wa basi, Nairobi, ukiwa na mizigo mizito na pesa kidogo

Mara ya kwanza kurudi nyumbani Arusha likizo, nilitoka Kahawa Wendani saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha, nina begi kubwa la matairi, kiroba cha kilo thelathini na kitu, na ndoo ya mfuniko iliyojaa vyombo. Konda akanilipisha siti tatu. Niliposhuka mjini nikamuuliza mama mmoja stendi ya mabasi iko wapi, naye kwa moyo safi kabisa akanielekeza Bus Station, ile iliyo karibu na Afya Centre. Pale wanapanda watu wa mitaa ya humuhumu Nairobi. Basi la Arusha hulipati hata ukikaa mpaka Idi.

Nikiwa nimeduwaa hivyo, kijana mmoja akakinyanyua kiroba changu, akakitupa begani na kuanza kutembea huku akiniuliza, "Unaenda wapi, madam?" Nikamfuata. Ningefanyaje? Tulipofika ofisi ya basi akataka mia tano. Nilipopiga hesabu usiku nikiwa njiani, pesa niliyotumia kutoka mlangoni kwangu hadi mlango wa basi ilikaribia nusu ya tiketi.

Tangu hapo nimeishi Nairobi miaka mitatu na nimehama vyumba mara nne. Nilichojifunza ni kwamba nauli ya matatu, yaani daladala za huku, haijawahi kumfilisi mtu. Kinachomaliza pesa ni idadi ya mikono inayogusa mzigo. Kila ukishusha na kupandisha tena, kuna mtu wa kulipwa. Somo hili lote linahusu kupunguza mikono.

Hatua ya kwanza: jua unapandia wapi

Sisi tuliozoea stendi kuu tunapotea hapa. Dar ukisema Stendi ya Magufuli kule Mbezi, umemaliza. Nairobi haina stendi moja ya namna hiyo kwa mabasi ya mbali. Kampuni nyingi zinapakia nje ya ofisi zao, na ofisi zimetawanyika River Road, Accra Road, Duruma Road na vichochoro vya katikati. Kuna pia Country Bus, ambayo wenyeji wengi huiita Machakos, upande wa Muthurwa karibu na Gikomba. Hiyo na Bus Station ya Afya Centre ni vitu viwili tofauti, ingawa majina yanakaribiana. Kwa hiyo usiulize stendi. Uliza kampuni, barabara na jengo la jirani. Mimi huandika kwenye simu: ghorofa la rangi fulani, chini kuna duka la dawa, mkabala na hoteli ya chapati. Jina la barabara peke yake halitoshi, maana River Road ni ndefu na imejaa watu.

Wakati wa kukata tiketi uliza pia kilo ngapi ni bure na ziada inalipiwaje. Ulizia dirishani. Ukisubiri kuulizia mlangoni mwa basi, jibu litategemea sura yako.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliwazi. Mabasi ya Arusha, yanayopitia mpaka wa Namanga, yanatoka jijini kwa Mombasa Road, yanapita Mlolongo hadi Athi River, ndipo yanakata kuelekea Kitengela na Kajiado. Kama unakaa Embakasi, Syokimau au Kitengela kwenyewe, kuingia mjini na mizigo ni kurudi nyuma kwa gharama yako. Omba ofisi ikuandikie kupandia njiani. Ila uliza swali hili: "Mnapita juu au chini?" Juu ni ile barabara ya kulipia ya Expressway, iliyofunguliwa 2022, inayotoka Westlands hadi Mlolongo. Basi likipita juu, wewe uliyesimama chini kwenye lami ya zamani utaliona likienda tu, na mkono wako juu. Kitengela ni salama zaidi, kwa sababu basi la Namanga lazima lipite hapo.

Hatua ya pili: kufunga

Mzigo wa kilo arobaini ni mbaya kuliko mizigo miwili ya kilo ishirini. Wa arobaini huwezi kuunyanyua mwenyewe, kwa hiyo tayari umeajiri mtu. Wa ishirini unaubeba, unarudi kuchukua mwenzake, na konda anaweza kuusukumia chini ya siti. Mimi hupima kwenye mzani wa duka la vyakula vya mifugo mtaani. Muuzaji hucheka, lakini hajawahi kunidai.

Nunua mfuko wa salfeti mpya, usichukue uliobeba mkaa. Vitu vigumu kama vitabu na sufuria vikae chini, nguo pembeni na juu. Shona mdomo kwa shazia na kamba ya manila, mishono ya karibukaribu, kisha acha kamba mbili ndefu kwenye pembe za juu uzifunge kama masikio. Masikio hayo ndiyo mpini wako. Mfuko usio na masikio unakumbatiwa kama mtoto, na mtu akiukumbatia umbali wa barabara mbili atakudai zaidi, tena ana haki. Jina na namba ya simu andika kwa kalamu ya wino mzito pande mbili, na karatasi nyingine tumbukiza ndani.

Usifungie vitu kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, kwa hiyo utakamatika upande wowote wa mpaka.

Hatua ya tatu: mzigo uondoke kabla yako

Kama ungesoma hatua moja tu, ningependa iwe hii. Hakuna sheria inayosema wewe na mzigo mfike ofisi ya basi siku moja. Peleka mzigo siku moja kabla, kati ya saa nne na saa sita mchana, katikati ya wiki. Saa hizo matatu za kwenda mjini zina nafasi, konda ana subira, na nauli iko chini. Nauli za Nairobi hupanda asubuhi watu wakienda kazini, hupanda jioni, na mvua ikianza kudondoka tu hupanda papo hapo, hata kama wewe uko ndani ya gari tayari na hujalowa.

Ofisini waambie ni mzigo wa abiria wa kesho, waoneshe tiketi, wakuandikie risiti yenye idadi ya vipande. Picha ya mzigo ukiwa ndani ya stoo yao piga pia. Baadhi ya ofisi hutoza kidogo kwa kulaza mzigo, nyingine hazitozi. Hata ukitozwa, linganisha na kuhangaika nao alfajiri gizani.

Hatua ya nne: kwenye matatu

Matatu ya abiria 14 ina upenyo mdogo tu nyuma ya siti ya mwisho. Upenyo huo ni wa anayewahi, kwa hiyo panda pale gari linapoanzia safari, hata kama ni kutembea dakika tano kinyume na unakokwenda. Basi dogo la abiria 33 lina nafasi karibu na dereva, ila mziki utakutoa masikio. Ongea na konda kabla mguu haujaingia: "Mimi na mizigo miwili, ngapi yote?" Akitaja, rudia bei kwa sauti abiria wawili watatu wasikie. Siti ya pili lipa bila ugomvi, ni haki yake. Ya tatu kataa.

Hatua ya tano: hamali na mkokoteni

Kutoka unaposhushwa hadi ofisini huwa si mbali, lakini umati, mitaro na bodaboda zinazokatiza vinaifanya iwe safari kamili. Mzigo mmoja, hamali. Miwili na zaidi, mkokoteni. Usimpe mtu mzigo bei haijatajwa, na mtu akiunyanyua bila kuongea, shika sikio la mfuko, simama. Usitembee hata hatua moja, kwa sababu ukitembea umekubali. Tembea ubavuni kwake, si nyuma. Kuwa na noti za hamsini na mia mfuko wa mbele. Ukitoa elfu moja, chenji haitapatikana mtaa mzima.

Kisheria bodaboda hawaruhusiwi katikati ya jiji, ingawa wapo wanaoingia. Watakaokubali watakuacha pembeni, na hiyo ni mikono miwili zaidi.

Hatua ya sita: wakati teksi ni rahisi

Mkiwa watatu mnaosafiri pamoja, au mvua ikiwa imekwisha kuanza, ita gari la Uber au Bolt mgawane. Magari ya daraja la chini kabisa ni madogo, buti lake linameza begi moja tu, kwa hiyo mwandikie dereva mapema una mizigo mingapi. Atapiga simu tu kuuliza unaenda wapi na unalipa keshi au M-Pesa, mwambie hapohapo.

Maswali ya wanachama

Mama Marobota: Dada, mimi hulala Eastleigh nikija kununua madera na mashuka. Huwa na marobota mawili. Matatu za namba 6 na 9 wakiniona wanafunga mlango. Nifanyeje?

Shikamoo mama. Wako sawa kufunga, robota si la matatu. Tumia duka. Wauzaji wa Eastleigh wamezoea wateja wa Tanzania na Uganda, na wengi wana kijana wao au pikapu ya kupeleka mizigo ofisi za mabasi. Siri ni kuliweka jambo hilo kwenye bei kabla hujatoa pesa: "Nachukua yote haya, lakini unifikishie Accra Road." Ukishalipa, kupelekewa kunakuwa fadhila na kuna bei yake. Kama umenunua maduka matatu, kusanya yote kwa yule uliyenunua zaidi. Na risiti zako zikae mkobani, zisishonewe ndani ya robota, maana Namanga watakuuliza.

Dogo wa Chuo: Nakuja na treni ya SGR kutoka Mombasa halafu naunganisha basi la Arusha. Pale Syokimau madereva wa teksi wameniogopesha na bei.

Usitoke nje kwanza. Kuna treni ya abiria ya kuunganisha kutoka stesheni hiyo hadi stesheni kuu ya mjini, nauli yake ni ndogo, na begi unabaki nalo mwenyewe. Shida ni foleni, kwa hiyo kaa behewa lolote ila shuka haraka. Ukifika mjini hamali mmoja anatosha. Ila jiulize tena kama unahitaji mjini. Syokimau iko upande wa Mombasa Road, njia ya basi lako. Ukikubaliana na ofisi upandie Mlolongo au Kitengela, umeokoa safari mbili. Na kule Mombasa usisahau mabegi hupangwa mstari yanuswe na mbwa, kwa hiyo usifunge kwa mafundo mia.

Wa Eastlando: Somo poa, lakini wacha nikurekebishe. Huku si konda, ni makanga. Na si stendi, ni steji. Halafu nyinyi watu wa Bongo mkianza na "samahani kaka yangu, naomba nikuulize", makanga ashajua wewe ni mgeni, anaongeza mbao (shilingi ishirini) hapo hapo.

Makanga nimelipokea, kaka. Samahani sitaiacha. Juzi mzee wa mkokoteni alicheka sana niliposema "shikamoo", akapunguza hamsini bila kuombwa. Ongeza hiyo kwenye hesabu zako.

Mhitimu: Namaliza chuo mwezi ujao. Nina godoro la nne kwa sita, mtungi wa gesi na meza. Vipi?

Uza vyote. Mtungi wa gesi basi la abiria halitakubali, na likikubali shuka wewe. Godoro ukilisafirisha litakula pesa kuliko kununua jipya nyumbani. Bandika karatasi kwenye lango la ploti wiki mbili kabla wanafunzi wapya hawajaja. Mimi meza yangu nilimwachia mwenye nyumba kwa deni la maji.

Binti Tanga: Basi langu linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Naogopa kutoka Kahawa usiku wa manane. Nilale wapi?

Mzigo uwe umeshalala ofisini tangu mchana, kama hatua ya tatu. Wewe njoo jua likiwepo na begi dogo tu la mgongoni, uchukue gesti mtaa uleule wa ofisi ya basi, ili alfajiri utembee mlango kwa mlango, tena umwombe mlinzi akusindikize. Zipo nyingi za bei nafuu, lakini angalia kitasa kabla ya kulipa. Na omba chumba cha nyuma. Cha mbele kinatazama barabara, na wapiga debe wa River Road hawalali.