Somo: Intigrali za Feynman, anza kwa kuuliza zinabadilikaje

Intigrali za Feynman ndizo hesabu za michoro ya chembe zinazogongana; kitanzi ni mstari uliojifunga ndani ya mchoro, na kila kitanzi huleta kuintigreti kumoja. Jumamosi pale Nyegezi, Mwanza, tulifuta ubao mara nne kwa intigrali moja ya vitanzi viwili, tukaondoka bila jibu. Niliwaanzishia juu mno. Leo tunashika kitanzi kimoja, kwa mkono. Programu zitakuja baadaye.

Wazo ni hili: usiivae intigrali, uliza inabadilikaje tungamo likiongezeka kidogo. Kotikov alilitoa mwaka 1991, Remiddi akalipanua mwaka 1997.

Hatua ya 1. Andika T = ∫dᵈk/(k²+M). M ni tungamo kwa kipeo cha pili. k ni kasimwendo ya chembe inayozunguka kitanzini. Idadi ya vipimo vya anga-wakati, d, iache herufi (4 − 2ε, ε ikiwa namba ndogo). Ukiweka 4 mapema, intigrali inalipuka.

Hatua ya 2. Diferenshieti kwa M: T′ = −T₂, ambapo asili ya T₂ ni (k²+M)². Utaona kama umejiongezea kazi. Vumilia.

Hatua ya 3. Utamu uko hapa. Diferenshieti k/(k²+M) kwa k, kisha intigreti kote: lazima upate sifuri. Yaani

d·T − 2∫dᵈk k²/(k²+M)² = 0.

Ile k² ya juu iandike (k²+M) − M. Inabaki d·T − 2T + 2M·T₂ = 0, kwa hiyo T₂ = −(d−2)T/(2M). Kumbe T₂ ni T ileile imevaa koti!

Hatua ya 4. Rudisha: T′ = (d−2)T/(2M), basi T = C·M^((d−2)/2).

Kwa vitanzi vingi, hatua ya 3 (ya Chetyrkin na Tkachov, 1981) hurudiwa mara maelfu. Mwaka 2000 Laporta alionyesha namna ya kuipangia kompyuta. Zinabaki intigrali kuu chache (zile ambazo nyingine zote huandikwa kwazo), na mlinganyo unakuwa wa matriki. Mwaka 2013 Henn akashauri uzichague hizo kuu hadi ε itoke nje: f′ = ε·A(x)·f, ambapo f ni orodha ya hizo kuu, x ni kigeu (kama M), na A ni matriki isiyo na ε. Hapo unapanda kipeo baada ya kipeo cha ε, kila kimoja ukiintigreti kilichotangulia. Mimi naona hiyo ndiyo hatua nzuri kuliko zote.

MASWALI (waulizaji nawataja kwa mahali watokako)

Ukerewe: Shikamoo mwalimu. C inatoka wapi?

Marahaba. Ukijua mwendo wa feri ya Kamanga kila dakika, bado hujui iko wapi mpaka ujue ilikong'oa nanga wapi. Hapa weka M = 1: C = π^(d/2)·Γ(1−d/2), Γ ikiwa fanksheni ya gama.

Igoma: ε hutoka nje kila mara?

Kwa aljebra pekee, hapana. Mchoro wa jua linalochomoza, vitanzi viwili, mistari mitatu yenye tungamo sawa, unadai intigrali za duaradufu. Logi hazitoshi.

Buswelu: Tupe zoezi.

Ipunguze T₃, yenye asili (k²+M)³, hadi T. Ukipata (d−2)(d−4)T/(8M²), njoo Jumamosi tupande vitanzi viwili.