Kuchora mtu aliyeketi kwa rangi za mafuta, tabaka kwa tabaka

Kanvasi ya sentimita 60 kwa 80 inamtosha mtu aliyeketi, kutoka utosini hadi chini ya magoti. Ipige jeso, rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi, mikono 3, na kila mkono ukikauka pitisha msasa laini. Ukipunguza jeso, mafuta ya rangi yatapenya hadi kwenye kitambaa na kukiozesha taratibu.

Halafu mwanga. Wachoraji wa Ulaya hupenda dirisha la kaskazini kwa sababu kwao jua halipiti huko. Ukiwa Dar es Salaam, sheria hiyo itakuponza: mwezi Juni jua liko kaskazini, na vivuli usoni mwa modeli vitahama kila nusu saa. Tumia dirisha la kusini miezi ya katikati ya mwaka, la kaskazini kuelekea Desemba. Kama dirisha ni moja tu, litundikie shuka jeupe.

Chora umbo kwa brashi na rangi ya amba, yaani kahawia ya udongo, iliyolainishwa kwa tapentaini hadi iwe kama chai ya rangi. Pima kwa kichwa: kutoka kitini hadi utosini, mtu aliyekaa wima ni karibu vichwa 4. Mapaja yanayokuelekea yataonekana mafupi mno, yaache hivyo. Wengi huyarefusha kwa kuwa wanajua paja lina urefu gani, na modeli anaonekana anateleza kutoka kitini.

Sasa jenga giza na mwanga kwa amba hiyohiyo, bila rangi nyingine. Penye mwanga futa kwa kitambaa, penye kivuli ongeza. Usiione aibu kukaa hapa siku 2 au 3, maana kivuli kilichokosewa hakiokolewi na rangi nzuri. Itazame kazi kwenye kioo: jicho lililopanda juu au bega lililozidi litajitokeza papo hapo. Amba hukauka haraka, ndiyo maana inafaa kuwa chini.

Tabaka za juu zina kanuni moja: kila moja iwe na mafuta zaidi ya iliyo chini yake. Ya kwanza, ile ya amba, tapentaini tupu. Ya pili tapentaini sehemu 3 kwa mafuta ya kitani sehemu 1. Ya tatu nusu kwa nusu. Ukigeuza mpangilio, tabaka la juu litakauka kabla ya la chini, kisha litapasuka la chini likiendelea kujivuta. Rangi ya mafuta haikauki kama maji. Hugandishwa na oksijeni ya hewani, na msimu wa unyevunyevu huichelewesha. Mafuta ya mawese au ya zeituni hayagandi kabisa, na thina ya gari huyeyusha tabaka la chini. Viache vyote viwili.

Ngozi nyeusi ndiyo inayowashinda wengi. Kosa ni kuanza na nyeusi, kisha kuongeza nyeupe penye mwanga: uso unatoka kama umepakwa majivu. Changanya siena ya kuchomwa, kahawia yenye wekundu, na buluu ya altramarini; utapata kahawia nzito inayokaribia nyeusi ya kwenye tyubu, lakini yenye uhai. Ili kuing'arisha tumia oka ya njano au chungwa, nyeupe iwe kidogo sana. Ila angalia ule mng'ao wa paji la uso na ncha ya pua: hauna rangi ya ngozi, ni dirisha linaloakisiwa. Hapo weka nyeupe yenye buluu kidogo, mguso mmoja, kisha inua brashi. Ukiisugua, imeharibika.

Siku inayofuata utakuta baadhi ya sehemu za giza zimefifia kama ubao wa chaki. Tabaka la chini limefyonza mafuta. Likishakauka, paka mafuta ya kitani membamba mno, futa yanayozidi, uendelee.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike. Hujipasha joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vianike nje vimetandazwa au viloweke kwenye ndoo ya maji.

Vanishi isubiri miezi 6 hadi 12. Bonyeza ukucha taratibu penye rangi nene zaidi: kama panabonyea, ngoja.