Kulia kwa nani? Maneno ya kuanzia kwa anayeingia jukwaani

Vijana wapya wakija mazoezini hapa Mombasa, siwapi maneno ya kuigiza siku ya kwanza. Nawasimamisha katikati ya jukwaa, nyuso zikielekea viti, kisha nasema: nendeni kulia. Wengine hufuata kulia kwangu mimi niliyeketi chini, wengine kulia kwao, wanagongana. Basi lishikeni hili: kulia na kushoto kwa jukwaa ni kwa mwigizaji anayeitazama hadhira. "Juu" ni nyuma, mbali na watazamaji. "Chini" ni mbele, karibu nao. Majukwaa mengi ya zamani Ulaya yalijengwa yakiinama kuelekea viti, kwa hivyo aliyerudi nyuma alikuwa akipanda kweli.

Majukwaa hayafanani. Lile la ukumbini lenye pazia hutazamwa upande mmoja tu, kama dirisha. Lingine huchomoza katikati ya watu, wakalizunguka pande tatu. Globe ya London, iliyojengwa 1599, ilikuwa hivyo. Wakati huo Fort Jesus yetu, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa imeshasimama. La tatu ni la duara, na hilo sisi twalijua bila kufundishwa. Aliyesimama kwenye ngoma ameliona: watu kote, wachezaji kati. Hapo hakuna pa kuficha mgongo, kwa hivyo usigande mahali pamoja. Kila baada ya maneno machache tafuta sababu ya kugeuka. Ukichezea nje, uwanjani, ongeza na upepo. Kusi ikivuma huchukua sauti yote, hivyo mimi hupanga viti upande ule upepo unakoelekea.

Sasa watu. Mtayarishaji hutafuta pesa, ukumbi na vibali. Mwelekezi huamua mchezo usomweje na kila mtu asimame wapi. Wako wabunifu wa mandhari, taa na maleba, yaani mavazi ya mchezo, na msiyadharau maleba: leso iliyofungwa vibaya humwambia mama wa Mji wa Kale kwamba huyu mwigizaji hamjui anayemwiga.

Kazi yangu mimi ni msimamizi wa jukwaa, na naipenda kuliko zote. Onyesho likishaanza, mwelekezi huketi na watazamaji. Mchezo unabaki mkononi mwangu. Nina nakala ya mchezo niliyoandika pembeni kila ishara ya taa na sauti. Nasema, "Taa ya tano, tayari," fundi anajibu, halafu nasema, "Taa ya tano, piga." Neno "piga" halitamkwi kwa jambo jingine usiku ule, maana mtu wa taa akilisikia, mkono wake unakwenda.

Mwaka wangu wa pili, mwigizaji alitia mkono kanzuni atoe barua ya talaka, barua haipo. Niliiacha chumba cha kuvalia. Ukumbi ulinyamaza hadi mama aliyecheza mkewe akasema, "Nitamkie kwa mdomo wako, karatasi ya nini?" Aliuokoa mchezo, na mpaka leo namshukuru.

Tangu hapo nina meza ya vifaa pembeni mwa jukwaa. Natandika karatasi nyeupe ya manila, naweka kila kitu pake, nakichora pembezoni kwa kalamu nzito na kuandika jina: dele, vikombe viwili vya kahawa, bakora, barua. Kitu kikikosekana, mchoro mtupu unaonekana hata kwa mwanga hafifu. Hagusi mtu kifaa kisicho chake, na akitoka nacho anakirudisha mwenyewe.

Waigizaji wakishasali Magharibi, natembea jukwaa zima peke yangu: nakagua kama kuna msumari uliojitokeza, kama utepe wa alama sakafuni haujabanduka, kama njia ya kutokea gizani ni wazi. Narudi mezani mwisho. Dele likiwa ndani ya mchoro wake, na barua ndani ya wake, ndipo naruhusu milango ifunguliwe.