Kupandisha Land Rover ya zamani kwa jeki yake ya skrubu

Kabla hujagusa jeki, ifahamu hendibreki. Kwenye Land Rover za Series, yaani zile za zamani zilizoanza kutoka 1948, hendibreki haishiki magurudumu; inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda difu ya nyuma, yaani lile bonge la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Magurudumu yote yakiwa chini, gari linatulia. Inua gurudumu moja tu la nyuma, difu inaliruhusu lizunguke, na mwenzake aliye chini anabingirika apendavyo. Gari linaondoka na hendibreki umeivuta mpaka mwisho.

Mimi yalinikuta. Nimechuchumaa na wili spana mkononi, nikaona tairi lililo hewani linageuka polepole kurudi nyuma, na sijaligusa. Maana yake gari lilikuwa linakwenda mbele. Nikaruka pembeni, jeki ikalala. Nilipona kwa sababu moja: tairi lilikuwa bado limefungwa, likatua lenyewe.

1. Simamisha gari mahali pagumu na tambarare. Abiria wote washuke.

2. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Tofali halifai, linapasuka; tumia mti mgumu uliochongwa mshazari. Kama unainua nyuma na gari ni Series II au III, vuta na ule wenzo wenye kichwa chekundu ulio karibu na gia, uingie gia nzito, ile ya nguvu inayoendesha magurudumu yote manne. Hapo magurudumu ya mbele nayo yanaungana na shafti, hendibreki inayashika. Ila kama vikombe vya mbele, vile vilivyo katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na ekseli, ni vya kufungua na kufunga kwa mkono, hakikisha umevifunga, la sivyo umejidanganya.

3. Legeza nati zote tano nusu mzunguko, tairi likiwa bado chini.

4. Jeki ya skrubu ina kitako kidogo, kwa hiyo itangulizie ubao mnene. Iweke chini ya ekseli, usawa wa springi. Usiiweke kwenye tumbo la difu, ni la duara na linateleza. Wala kwenye fimbo za usukani. Zungusha mpaka kichwa kiguse ekseli, kisha usimame uitazame kutoka pembeni na kutoka nyuma. Ikiwa imeinama hata kidogo, ishushe uanze upya. Ukiwa unazungusha, isikie: skrubu iliyosafishwa na kupakwa grisi inakwenda kwa uzito uleule, ikianza kukwama au kulia, acha.

5. Inua mpaka tairi liachane na ardhi, basi. Kwa kuwa unainua ekseli yenyewe, springi hazishuki na tairi, kwa hiyo kimo kidogo kinatosha.

6. Kama kazi ni zaidi ya kubadilisha tairi, weka stendi imara chini ya ekseli na uzishushie uzito. Hapa sijali kama stendi si kifaa cha asili cha gari. Ni kweli jeki ya skrubu haivuji mafuta ikashuka yenyewe kama ya haidroliki, lakini inaanguka ubavu. Usiingize mwili chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Njiani bila stendi, laza spea chini ya chesisi.

7. Rudisha tairi, kaza nati kwa kupishana, shusha, halafu kaza tena kwa nguvu. Zikague baada ya kilomita chache. Na kabla ya kuondoka, rudisha ule wenzo mwekundu mahali pake; kwenye lami, gia ile inazipinda shafti bure.