Namna ya kutoa pole msibani: maneno ya kusema na ya kuacha

Anza na "poleni", usianze na "habari". Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu mdomo umezoea. Salamu zetu za kila siku huja na jibu lake tayari: ukiulizwa "habari za hapa?" unajibu "nzuri" kwanza, hata kama kuna mgonjwa ndani, kisha ndipo unaongeza "ila..." Kwa hiyo ukimwuliza mjane habari za tangu juzi, unamlazimisha atamke "nzuri" huku mwili wa mumewe bado uko mochwari. "Mambo", "vipi" na "hamjambo" ziishie barabarani. Zinazobaki ni salamu ya dini na shikamoo kwa aliyekuzidi umri, zote kwa sauti ya chini, na pole ifuate hapo hapo: "Shikamoo mama. Pole sana." Atajibu "Marahaba mwanangu," au "Asante, tumeshapoa." Usidhani kwamba uchungu umeisha kweli, "tumeshapoa" ni jibu la pole kama "marahaba" ilivyo jibu la shikamoo.

Vijana waliokulia Ulaya na Marekani mara nyingi husema "samahani" hapa. Samahani ni ya aliyekosa. Ukimwambia mfiwa samahani, anaweza kujiuliza umemkosea nini. Pole haikiri kosa lolote. Inasema tu kwamba umeuona mzigo alioubeba.

Unapofika, anza na waliokaa nje chini ya turubai: "Poleni jamani" inawatosha wote, na kwenye msiba wa Waislamu itanguliwe na "Asalaam aleikum". Kisha uliza kwa sauti ndogo wafiwa wako wapi. Nyumba nyingi wanaume hukaa nje kwenye viti, wanawake ndani kwenye mikeka. Vua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, na uiname au ukae chini ndipo utoe pole. Usimsemeshe aliyeketi ukiwa umemsimamia kichwani. Kama ni mwanamke wa Kiislamu na wewe ni mwanamume, usitangulize mkono. Weka mkono kifuani, useme pole yako, inatosha.

Tumia "poleni" kwa nyumba nzima na "pole" unapomshika mtu mmoja mkono. Ukitaja uhusiano, kumbuka "na": amefiwa na baba yake, pole kwa kufiwa na mama. "Pole kwa msiba wa mama" nayo ni sawa. Neno "kufa" liepuke mbele ya wafiwa, kwani katika masikio yao ni zito mno. Sema amefariki, au ametutoka. Waislamu husema pia ametangulia mbele ya haki, na Wakristo amelala katika Bwana.

Dua nayo ifuate nyumba. Kwa Waislamu ni "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", kisha "Mwenyezi Mungu amrehemu". Wakatoliki husali "Raha ya milele umpe ee Bwana". Kama hujui familia ni ya dini gani, "Mungu amlaze mahali pema, awatie nguvu" haimkwazi mtu.

Baada ya hapo, nyamaza. Kimya msibani ni sehemu ya pole, na kukaa nusu saa bila kusema kitu kunahesabika kuwa umehudhuria. Kinachoharibu ni maswali. "Alikuwa anaumwa nini?" linaonekana swali la huruma, lakini kila anayeingia akiliuliza, mjane atasimulia kifo kile kile tangu asubuhi hadi usiku. Muulize jirani au shemeji, pembeni. Epuka pia "utapata mwingine" kwa aliyefiwa na mtoto. "Kazi ya Mungu haina makosa" aiseme mzee, au mtu aliyewahi kufiwa vivyo hivyo. Ikitoka kwa kijana asiyejua uchungu huo, inasikika kama amri ya kuacha kulia.

Watani wana ruhusa yao. Mngoni kwenye msiba wa Mhehe anaweza kumwigiza marehemu, akadai pesa, akawachekesha wafiwa katikati ya vilio, na hilo linapokewa kama msaada. Kama wewe si mtani, usijaribu, hata ukimjua marehemu vipi.

Rambirambi (sehemu za pwani huitwa ubani) usimkabidhi mfiwa akiwa analia. Mpelekee anayeshika daftari: "Tumeleta rambirambi kidogo, mtupokelee," na utaje jina lako liandikwe, maana nyumba itataka kujua nani alikuwa nao. Ukituma kwa simu, tumia namba iliyo kwenye tangazo la msiba, halafu umwandikie mwenye namba kwamba ni ya rambirambi, ya msiba gani, na kutoka kwa nani. Pesa isiyo na maelezo humsumbua mtunza hesabu.

Ukiaga, sema "Basi mama, tunaomba ruhusa. Tuko pamoja." Wenyeji wengi hawatakujibu "karibuni tena", nawe usingoje, hakuna anayetaka kuwakaribisha watu tena kwa jambo kama hili.

Kwa ujumbe wa maandishi, mtaje mfiwa kwa anavyoitwa: "Kaka, nimepata taarifa sasa hivi. Pole sana kwa kuondokewa na mzee." Herufi tatu za Kiingereza, "RIP", kwenye kundi la WhatsApp hazimsemeshi mtu yeyote. Na kama habari imekufikia baada ya arobaini, pole bado inapokewa: "Nimechelewa kusikia, poleni kwa yaliyowafika." Usitoe sababu ndefu za kuchelewa. Mfiwa asianze tena yeye kukubembeleza wewe.