Mabega yaliyokaza: nyoosha hivi baada ya mazoezi

Vijana ninaowafundisha kikapu hapa Upanga wakilalamika kuwa bega limekaza, mimi huanza na kifua. Ukirusha mpira na kugombea ribaundi (mpira unaodunda kurudi baada ya kukosa goli) kila jioni, misuli ya kifuani hukaza, mabega yakavutwa mbele, na mkono ukawa mzito kupanda.

Simama kando ya nguzo ya goli. Egemeza mkono kwenye nguzo kuanzia kiganja hadi kiwiko, kiwiko kikiwa usawa wa bega. Piga hatua ndogo mbele, kisha geuza kifua polepole upande wa pili mpaka uhisi kinavuta. Tulia hapo sekunde 30, ukipumua kawaida. Wengi hupandisha bega hadi karibu na sikio. Lishushe, la sivyo shingo ndiyo inayofanya kazi. Rudia mara 2 au 3 kila upande.

Nyuma ya bega: vuta mkono ukatize kifua, ukiushika juu kidogo ya kiwiko.

Kabla ya mechi, zungusha mikono tu, duara ndogo hadi kubwa. Ukisikia maumivu ya kuchoma au ganzi mkononi, acha kunyoosha, kamuone daktari.